Chupa ya Kumi na Mbili

Mshonaji alikaa kwenye benchi nje ya maabara, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto wa mtu mwingine. Wiki ya tisa tangu titi litolewe. Alifuata karatasi moja tu, ya kusema kama uvimbe wake wa saratani una alama inayoonyesha kuwa sindano fulani zitafanya kazi. Sindano zipo, za msaada, kwenye friji ya wodi. Bila karatasi hazitoki.

Wifi yake alimwambia asinune hivyo, watu wa maabara wasije wakadhani wamefuata mahari. Hakucheka.

Mtu wa maabara alitoka na daftari. Alieleza kama anayesoma ratiba ya basi. Kipimo hicho hakifanyiki hapa. Vipande vya nyama hulowekwa kwenye dawa, na gari la hospitali kuu haliitwi mpaka boksi lijae chupa arobaini. Yake ilikuwa ya kumi na mbili. Ilikaa wiki saba. Ilipofika, dawa ilishakila kipande. Saratani ilionekana, alama haikusomeka.

"Mngetupa sisi tuipeleke," wifi alisema. "Hata kwa miguu."

"Hairuhusiwi, dada. Mgonjwa hashiki nyama yake."

Daktari aliwapokea amesimama. Mshonaji aliuliza kama wanaweza kukata kipande kingine. Daktari akasema hakikubaki cha kukata, na titi lenyewe walishalichoma. Upasuaji ulikwenda vizuri sana, uvimbe wote ulitoka. Na sindano bila karatasi? Hapana. Zinaweza kuumiza moyo bure, na kila moja lazima iandikiwe jina la mgonjwa mwenye karatasi. Aliongeza kwamba zilizopo zinaisha muda mwezi ujao, zitateketezwa.

"Mama, tusubiri," alisema. "Ukiona kivimbe kingine popote, njoo siku hiyohiyo. Tutakikata, tutakipima."

"Kitapelekwa siku gani?"

"Hilo waulize maabara."

Nje, wifi alikwenda kutafuta maji. Aliporudi alimkuta mshonaji ameegemea ukuta, vidole viwili juu ya mfupa wa bega, anabonyeza polepole, kama anavyotafuta fundo la uzi chini ya bitana.

"Unatafuta nini hapo?"

"Cha kuwaletea."

Akahamia shingoni, akaendelea kubonyeza.