Jino la Kinyozi, Shavu la Mwalimu

Kinyozi alikuwa na hotuba moja tu, na kila aliyekuja kupunguza nywele aliipata bure. "Mimi woga siujui, naona watu wanao tu. Na jino? Tangu nizaliwe halijaniuma hata moja!"

Hilo la jino lilikuwa kweli. Lilikuwa likimuuma mkewe.

Mkewe alifundisha hesabu kwenye shule iliyokuwa ng'ambo ya barabara. Kwa wiki tatu alifundisha sehemu na desimali kwa mkono mmoja, wa pili umeshika shavu la kushoto, hata wanafunzi wa nyuma wakadhani ndiyo kanuni, nao wakashika. Alipokwenda kwa daktari wa meno alikutwa na meno thelathini na mawili, safi kama vikombe vya wageni.

"Mwalimu, umeolewa?" daktari aliuliza, akinawa mikono.

"Ndiyo."

"Basi ndipo hapo. Jino lenyewe linapeleka habari tu. Ubongo ndio unaoamua paume wapi, na ubongo nao hukosea. La juu huweza kuumia chini, la mwisho likaumia sikioni. Habari za jino la bwana zimepitiliza kidogo, zikaingia kwako. Mlete mwenye jino. Na asiogope, maana woga huongeza maumivu kama mtu anavyopandisha sauti ya redio."

Mama mkwe hakuona cha ajabu. "La baba mkwe wako lilinitesa miaka tisa, mwanangu," alisema, akikunja mashuka. "Alipofariki ndipo nikaanza kutafuna upande huu."

Kinyozi aliposikia atatakiwa kwenda kwa daktari, alicheka sana. Alisema ataenda Jumatatu, kwa miguu yake, kifua mbele. Mkewe akainama juu ya meza, machozi yakimtoka.

"Siogopi," kinyozi alisema.

Redio ikapanda.

"Nimekwambia siogopi, mke wangu!"

"Baba watoto, nakuomba, acha ujasiri. Unaniua."

Jumatatu daktari aliviweka viti viwili sambamba. Sindano ya ganzi alichomwa mke, kinywa akafunua mume. Ganzi ilikuwa imeanza kukolea, lakini kinyozi akasikia mashine ikinguruma chumba cha pili, na mwalimu akapiga ukelele uliowatoa nje wagonjwa watatu waliokuwa kwenye foleni.

"Mwambie afikirie kitu kizuri," daktari alisema.

"Fikiria kitu kizuri!" mwalimu alimlilia mumewe.

Kinyozi akafikiria koleo. Kisha daktari akavuta droo ya pamba, pamba tupu, na kinyozi akazimia. Kimya kikaingia shavuni kwa mwalimu, cha kwanza kwa wiki nne. Akamshika daktari mkono, akamwomba asimwamshe kwanza. Jino likang'olewa katika kimya hicho, jeusi kama kokwa iliyoungua.

"Yamebaki mawili," daktari alisema, akimwonyesha kwa kioo. "Upande wa pili."

Jumamosi mwalimu alipita dukani kwa mumewe kuchukua ufunguo wa nyumba, akamkuta katikati ya simulizi, akipunga wembe hewani.

"Ganzi nikaikataa! Nikamwambia, daktari, vuta! Akavuta, mimi nimetulia tuli. Hata pumzi sikutoa."

Mtu wa mwisho kwenye benchi akashusha gazeti. Alikuwa daktari wa meno, amekuja kukata nywele.

"Kuhusu pumzi ni kweli," alisema. "Nilidhani nimekupoteza. Ulizimia kwa pamba, bwana. Ganzi alichomwa mama huyu aliyesimama mlangoni, na kelele alipiga yeye."

Benchi zima likaangua kicheko. Kinyozi naye akacheka, maana hakuwa mtu wa kinyongo.

"Na yale mawili?" daktari aliuliza. "Unakuja lini?"

"Yale?" Kinyozi alikung'uta taulo. "Ya nini kujisumbua? Yale hayaniumi."

Mwalimu alishika shavu, safari hii la kulia, na wanaume wawili wakasogea kwa heshima ili apate pa kukaa.