Mikono ya Mwombaji wa Kwanza

Kosa lilikuwa langu, na nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asije akamlaumu dada. Mimi ni fundi cherehani. Kazi yangu ni kumfanya mtu aonekane wa maana hata siku ambayo hana mbele wala nyuma. Wiki sita kabla ya shauri letu kusikilizwa nilimtazama dada yangu mikono, nikamwambia, "Hivi kweli utasimama mbele ya jaji na mikono hii? Watasema tumekuokota."

Dada ni mponda kokoto. Miaka ishirini na miwili amekaa chini ya turubai kule machimboni, nyundo mkono wa kulia, jiwe mkono wa kushoto, na wenzake wamembandika jina la Mama Nyundo. Mawe yamemla ncha za vidole mpaka zimekuwa laini kama kipande cha sabuni kilichotumika. Hicho ndicho kilichotupeleka mahakamani. Serikali ilitoa kanuni kwamba hakuna kutibiwa katika hospitali ya umma mpaka uweke kidole kwenye mashine na mashine ikutambue, kila unapofika dirishani. Dada alikwenda mara tatu, na mara zote tatu ikawaka taa nyekundu. Karani akamwambia, "Mama, wewe haupo." Na dada amesimama pale pale mbele yake, mwili mzima, na barua ya daktari mkononi.

Barua ilisema presha ya macho. Jicho la kushoto lilikuwa limeshakufa. La kulia lilitakiwa kupasuliwa upesi, na daktari alitueleza bila kuzungukazunguka kwamba mwanga unaoondoka kwa ugonjwa huo haurudi. Kila mwezi dada aliiona dunia kupitia tundu dogo zaidi.

Basi akaungana na waponda kokoto wenzake kumi na mmoja, wote vidole vimelika, wakafungua shauri la kuipinga kanuni ile. Walisema inawanyima haki waliyonayo raia wengine wote. Dada akaandikwa mwombaji wa kwanza. Wakili wao alikuwa mama mmoja mfupi, mkali kama pilipili, tuliyemwita Wakili Raba kwa sababu alitembea na raba mpaka mlango wa mahakama, ndipo akatoa viatu vya visigino kwenye mfuko wa plastiki.

Kule machimboni wana utaratibu wao. Mmoja akifiwa au akijifungua, wenzake wanampondea: kila mtu kila siku anamwaga ndoo moja ya kokoto kwenye lundo lake, na hakuna anayesema neno. Nilipowaambia kwamba Mama Nyundo anatakiwa aonekane nadhifu mbele ya jaji, hawakuniuliza mara mbili.

"Apumzishe mikono," alisema mkubwa wao, mwanamke mwenye pumu wanayemwita Bibi Kifua. "Anakwenda kwa niaba yetu. Asije akatutia aibu."

Kwa hiyo wiki sita nzima dada hakugusa nyundo. Asubuhi na jioni nilimpaka glisirini, kisha nikamvisha soksi mikononi kama kichanga kinachojikwaruza. Alilalamika kwamba namfanya biharusi na umri wake ule. Mimi nilijiona mjanja kweli. Wakili Raba hakujua lolote, maana nani anampelekea wakili habari za kupaka mafuta?

Siku ya kwanza mahakamani walizungumza mawakili watupu. Wakili wa serikali, mwanamume mrefu mwenye adabu zake na sauti ya kubembeleza, alisema kanuni ipo kuzuia wadanganyifu, na kwamba mashine inamsoma kila mtu akiweka kidole vizuri. Alisema "vizuri" mara nne. Nilikaa benchi la nyuma na waponda kokoto, nikauma midomo nisije nikatolewa nje.

Siku ya pili asubuhi jaji alivua miwani yake. "Nimesikia maneno mengi kuhusu mashine," alisema. "Iletwe hapa niione kwa macho yangu. Mwombaji wa kwanza aweke kidole."

Wakili Raba akatugeukia na kutabasamu. Hilo ndilo aliloliomba tangu mwanzo. Na mimi nilitabasamu, Mungu anisamehe, mpaka nilipoona fundi wa mashine anaiweka mezani, ndogo kama kopo la maziwa, na dada anavua zile soksi za mikononi.

Hapo ndipo akili zilinirudi. Mikono iliyotoka kwenye zile soksi ilikuwa mikono ya mke wa waziri, na mistari ya vidole imeota upya. Nilitaka kupiga kelele asiweke, lakini fundi alikuwa ameshamshika dada kidole cha shahada.

Taa ya kijani iliwaka. Mashine ikalia kidogo, tii, kama imefurahi kumwona. Fundi akajaribu gumba, kijani. Mkono wa pili, kijani.

Wakili wa serikali hakucheka, na nilimchukia zaidi kwa kutocheka kwake. Alisimama taratibu, akafunga kifungo cha koti. "Mheshimiwa Jaji, nadhani shauri limejimaliza lenyewe. Naomba litupwe."

Wakili Raba aliomba dakika kumi na tano. Alitukokota mimi na dada mpaka kwenye korido, karibu na madumu ya maji ya wafagiaji, akatukazia macho.

"Mmefanya nini?"

"Ni mimi," nilisema. "Nilimpumzisha. Nilitaka apendeze." Nikaanza kulia hapo hapo, mtu mzima na miaka yangu arobaini na mitatu.

Hakunitukana, ingawa nilistahili. Alishika kichwa, akaenda hatua tatu, akarudi. Kabla hajasema kitu, mlango ulifunguliwa na wakili wa serikali akatokea. Alimwomba mwenzake ruhusa ya kuzungumza na mteja wake mbele yake, akapewa.

"Mama," alimwambia dada, "mashine imeshakutambua. Kadi yako ya matibabu inaweza kutoka leo hii kabla ofisi hazijafungwa. Nimeisoma barua ya daktari. Nitapiga simu mwenyewe, wakupokee hospitali kesho asubuhi. Wewe ondoa tu jina lako kwenye shauri."

"Na hawa wengine?" dada aliuliza.

"Hao wataendelea na shauri lao."

"Wataendelea na nini?" Wakili Raba alidakia. "Barua ya daktari ni ya mwombaji wa kwanza. Kukataliwa mara tatu ni kwake. Akitoka yeye, mnarudi ndani mnaomba tupigwe chini, na mnajua tutapigwa." Kisha akamgeukia dada, na ukali wote ukamtoka. "Lakini jicho ni lako, mama. Mimi sitakuzuia. Nikikuzuia sitalala."

Mimi sikuwa na adabu hiyo. Nilimshika dada mkono, ule mkono laini nilioutengeneza mwenyewe, nikamwambia, "Chukua. Dada, nakusihi, chukua. Utawasaidia ukiwa unaona. Kesho asubuhi! Umesikia? Kesho." Sikuwafikiria wale kumi na mmoja hata kidogo, na sioni haya kulisema. Nilimfikiria dada yangu akipapasa ukuta kutafuta mlango wa choo.

Dada alikuwa anageuza kichwa huku na huku, kama alivyozoea siku zile, ili alipate lile tundu lake na kumweka wakili wa serikali katikati.

"Nikuulize, baba," alisema. "Nikipasuliwa, nitapewa dawa ya kutia kila mwezi?"

"Bila shaka, mama."

"Dirishani pale pale? Kwa kidole?"

"Ndiyo, kwa kidole."

"Na mimi nikipona nitarudi machimboni, maana siwezi kula mikono ya wenzangu maisha yangu yote. Miezi miwili tu kidole kitakuwa kimelika. Mashine itanijua?"

Wakili wa serikali aliangalia viatu vyake. Nadhani alikuwa mtu mwema nyumbani kwake. "Kwa upasuaji itakujua," alisema.

"Basi mwambie jaji hivyo hivyo," dada alisema, akaanza kuelekea mlangoni akipapasa ukuta.

Nilimfuata. Nilimvuta nguo. Nilimwita majina ambayo sijawahi kumwita mkubwa wangu, nikamwambia ni kichwa ngumu, ni mpumbavu, anajiua. Alisimama, akanifuta machozi kwa kiganja. "Mdogo wangu, walinipondea wiki sita," alisema. "Bibi Kifua na pumu yake ile, kaponda. Nitapita wapi nikiwa na kadi yangu?"

Ndani, Wakili Raba alimpandisha kizimbani. Hakumuuliza mambo mengi.

"Mama, kazi yako ni nini?"

"Naponda kokoto."

"Mara ya mwisho kuponda ni lini?"

"Leo siku ya arobaini na mbili."

"Kwa nini uliacha?"

Dada alisema kila kitu: mikono, glisirini, soksi, ndoo za wenzake, na mimi. Watu walicheka kidogo kwenye soksi, jaji mwenyewe akafunika mdomo kwa karatasi. Dada akawangoja wamalize.

"Mheshimiwa, nilipokuwa nafanya kazi mashine ilisema sipo," alisema. "Nimekaa bure wiki sita, imeniona. Sasa naomba kuuliza. Hiyo sheria inataka nini kwangu? Nikae?"

Wakili Raba akaomba waombaji wengine kumi na mmoja nao waweke vidole. Wakili wa serikali akapinga, akasema amri ilikuwa kwa mwombaji wa kwanza tu. Jaji alifungua jalada. "Wote majina yao yapo mbele yangu," alisema. "Waje."

Walipita mmoja mmoja, na vumbi la asubuhi bado liko kwenye nywele. Bibi Kifua alitangulia. Nyekundu. Fundi wa mashine akamfuta kidole kwa kitambaa, akajaribu tena, akakikandamiza mpaka bibi akaguna. Nyekundu. Wa tatu, wa nne, wa saba. Kufikia wa tisa fundi alikuwa anatokwa na jasho, anaitazama mashine yake kama imemsaliti. Wote kumi na mmoja, vidole mia moja na kumi, na ni kimoja tu kilichosomwa, kidole kidogo cha mwanamke aliyeanza kazi nyuma ya wenzake wote.

Wakili Raba aliomba amri ya haraka dada atibiwe huku shauri likisubiri. Jaji alisema moja kwa moja kwamba hawezi kuisimamisha kanuni kwa mtu ambaye mashine imemtambua. Njia ya kadi iko wazi kwake kama kwa raia mwingine yeyote, na sharti la kuondoa jina ni mapatano ya mawakili yasiyoihusu mahakama. Akapanga hukumu. Hukumu ilichukua miezi minne.

Nilirudi mara mbili kwa dada na ile habari ya kadi. Mara ya kwanza alikataa, akasema hatatangulia dirishani kabla ya wenzake. Mara ya pili, miezi miwili baadaye, alikubali tukaiombe bila kuondoa jina, kwa kuwa jaji alisema njia iko wazi. Lakini dada alikuwa ameshaanza tena kuponda, kwa kupapasa, na taa ikawa nyekundu. Alicheka kwa sauti kule dirishani mpaka mlinzi akaja. Mimi sikucheka.

Tulishinda. Jaji alisoma kurasa thelathini na moja, akaifuta kanuni yote, akaandika kwamba mtu hawezi kupoteza uraia wake kwa kufanya kazi. Waponda kokoto walipiga vigelegele mpaka karani akagonga meza. Wiki iliyofuata daktari alimwangalia dada jicho kwa kurunzi, upande huu, upande ule. Akazima kurunzi. "Mama, ungekuja miezi minne iliyopita," alisema.

"Alikuja," nilimwambia. "Alikuja mara nne. Mnisikilize vizuri, mara nne!" Nilipiga kelele mpaka wauguzi wakaja kunitoa, na sijaomba radhi hadi leo.

Tulipotoka, Bibi Kifua alikuwa amefika mbele ya foleni ya dirisha, anahema kama mashine ya kukoboa. Ilikuwa mara yake ya kwanza kurudi pale tangu afukuzwe. Dada alinishika mkono tusimame.

"Ni zamu yake?"

"Ni zamu yake."

"Karani amemwambia aweke kidole?"

"Hajamwambia. Anamuuliza jina."

"Anaandika?"

"Anaandika, dada."

"Jina lote?"

"Lote. La baba yake pia."

Dada aliitikia kwa kichwa, akageuza uso kuelekea dirishani, akabaki anangoja nimwambie kinachofuata.