Kelele za Paresh

Jumamosi ile ya Januari 2008, Paresh alikaa sebuleni juu ya duka lake la vipuri, pembeni mwa Bondeni, akiiogopa santuri yake mwenyewe. Ndani ya stoo ya jikoni, nyuma ya gunia la unga na mitungi ya achari, alikuwa amejificha rafiki yake Kipketer, fundi wa magari kutoka Olenguruone. Mji ulikuwa umegeuka tangu matokeo ya uchaguzi. Kule Kuresoi watu wa kabila la jirani yake Ngigi walikuwa wamechomewa nyumba; hapa Nakuru vijana waliwasaka watu wa kabila la Kipketer mlango kwa mlango, kana kwamba fundi huyu, ambaye hata kuku humwomba mkewe amchinjie, ndiye aliyewasha kiberiti. Wakimpata wangemuua.

Basi Paresh aliamua nyumba iwe kimya. Uamuzi wa kipumbavu huo! Mtaa mzima ulijua kwamba kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana nyumba ile hutoa kelele: magitaa ya umeme, ngoma, Wazungu wenye nywele ndefu wakipiga mayowe. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na mapenzi ya Paresh kwa rock yalikohoa mpaka stendi ya mabasi.

"Boss!" Ngigi, muuza viatu vya mitumba kwenye veranda ya duka, aliita kutoka chini. "Leo hakuna kelele? Ama uko na wageni?"

Labda ulikuwa mzaha. Paresh hakuuchukulia hivyo.

"Nilikuwa nimelala! Naweka sasa hivi!"

Akachukua sahani ya muziki iliyokuwa juu ya rundo bila kuitazama, akaishusha sindano.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa mvua. Kipketer alikuwa akisema mwimbaji yule analalamikia manyunyu tu, aletwe Olenguruone mwezi wa Julai ndipo ajue mvua ni nini. Tangu siku hiyo Paresh hakuweza kuusikia bila kucheka. Leo hakucheka. Wa pili ulikuwa na gitaa lisilojua kuaga, kama mgeni aliyekwisha vaa viatu na bado anapiga domo mlangoni. Siku nyingine wangeubishania mpaka chai ipoe. Kipketer angesema wimbo usio na ngoma ya maana ni uji bila sukari, Paresh angelitetea gitaa, na hakuna ambaye angeshinda. Nusu ya raha ya kuwa na sahani nyingi ni kuwa na mtu wa kukubishia.

Na jinsi wanavyoimba kuhusu barabara, watu hawa! Barabara ndefu, gari, upepo, uhuru. Paresh alikuwa ameziamini barabara hizo tangu shuleni. Sasa barabara ya Nairobi ilizibwa kwa mawe, ya Olenguruone vilevile, na yeye alikuwa amebanwa kati ya mlango na gunia la unga. Alihisi amedanganywa na watu aliowapenda maisha yake yote.

Ngazi zikalia. Ngigi akaingia na vijana wanne wenye mapanga.

"Tunakagua," mmoja alisema.

Wakachungulia chini ya kitanda, wakafungua kabati. Santuri ikaingia wimbo wa tatu, na hapo ndipo Paresh alipotambua ameweka sahani gani. Katikati ya wimbo ule kila kitu hukatika, kimya kabisa, kisha mpiga ngoma hupiga mara tatu na wote huingia tena. Miaka nenda miaka rudi, kimya hicho kikifika, Paresh huinua kidole na Kipketer hupiga meza mara tatu mpaka vikombe viruke. Tena huwahi kidogo kabla ya mpiga ngoma. Wameshagombana sana kwa sababu hiyo.

Paresh akajongea kuinua sindano. Kijana mmoja akamzuia kwa panga. "Tulia, mzee."

Kimya kikafika.

Du, du, du, ikasikika kutoka stoo.

Mazoea yana taabu. Mtu anaweza kuuzuia mdomo wake kwa hofu ya kufa, lakini mkono uliozoea wimbo haungoji ruhusa.

"Nani ako huko ndani?"

Paresh alifungua mdomo. Ngigi akamwahi.

"Si ni mathe yake," Ngigi akasema. "Mgonjwa. Miguu imekataa. Akitaka maji anagonga. Boss, mpelekee maji, unangoja nini?"

Mama yake Paresh, Bhagwanti, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na Ngigi huyuhuyu alikuwa miongoni mwa waliobeba kuni za kumchomea. Paresh akajaza gilasi, nusu ikamwagika, akaenda kwenye mlango wa stoo na kumwita mama yake kwa Kigujarati. Hapo machozi yalimtoka kweli. Kijana mmoja alificha panga nyuma ya mguu.

"Pole, mathe," alisema, na wakashuka.

Ngigi alibaki. Paresh akataka kumshika mkono; Ngigi akaurudisha nyuma.

"Ndugu yangu alijificha darini kule Kuresoi," alisema. "Hakugonga kitu. Hata kukohoa hakukohoa. Jirani mzee, aliyemlea tangu utotoni, ndiye aliulizwa. Akanyoosha kidole."

"Ngigi, mimi..."

"Kesho asubuhi, hawa wakiwa bado wamelala, mpeleke kituo cha polisi. Nitakuwa pale kona." Akafika mlangoni. "Na usizime hiyo kitu."

Paresh alidhani ni kwa sababu ya vijana. Akageuza sahani, akampa Kipketer maji. Fundi alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili kama mtoto aliyekanywa, akalazimika kunyweshwa.

Aliporudi dirishani, vijana walikuwa wameshavuka barabara, hata migongo yao haikuonekana tena. Chini, ukingoni mwa veranda, Ngigi alikuwa ameketi kati ya viatu vyake, uso juu, umelowa machozi, mabega yakimruka. Mdomo wake ulikuwa wazi. Kwa kelele ile, hakuna mtu mtaani aliyeweza kumsikia.

Paresh akaongeza sauti.