Pini Midomoni

Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu unao. Neno likifika kwenye huo mfupa hukwama, nikabaki nimeachama, na mtu niliye naye akaanza kunitafutia neno la kuniokoa. Nyumbani kwetu hawatafuti kwa muda mrefu. Shangazi, tunayeishi naye, hunimalizia sentensi kabla sijafika katikati. Rafiki yangu wa chuoni, tuliyembandika jina la Redio kwa kuwa mdomo wake hauna breki, hunimalizia hata zile ambazo sijazianza. Wanafanya hivyo kwa upendo, najua. Nikianza tu kusema naomba ch, naletewa chai, hata siku niliyotaka chumvi, na kwa heshima naimeza.

Mama ni tofauti. Mama ni fundi cherehani, na kazi anaifanyia sebuleni, kwenye meza ndefu chini ya dirisha. Akiwa kazini hubana pini midomoni, tano au sita, vichwa vikiwa nje. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikirudi shule nakaa kwenye kigoda miguuni pake, katikati ya vipande vya vitambaa, namsimulia siku yangu. Kutoka pale chini niliona kidevu chake tu, na vichwa vya pini vikimetameta. Mtu mwenye pini mdomoni hawezi kukumalizia sentensi. Aliguna, akatikisa kichwa, na mimi nikafika mwisho wa kila habari kwa miguu yangu mwenyewe. Hakuna saa nilizozipenda kama zile.

Mwaka wangu wa pili wa kusoma Kihispania, chuo kilinichagua niende ng'ambo wiki sita za likizo, nikajifunze lugha kwa wenyewe. Programu zilikuwa mbili. Moja ilikuwa ya pwani: wanafunzi arobaini kutoka chuo chetu, bweni moja, Redio akiwa kitanda cha pili. Nyingine ilikuwa ya mlimani: kila mwanafunzi peke yake, nyumbani kwa mwenyeji, na unatia saini kwamba kwa wiki zote sita hutasema lugha nyingine ila Kihispania.

Kijitabu cha mlimani nilikilalia chini ya mto mpaka kikajikunja. Kilikuwa na picha moja tu ya nyumba nitakayofikia: mlango wa buluu ulio wazi nusu, kiti, na bakuli la njegere zisizomenywa. Mchana, mwanga wa dirishani ulipotua juu ya vitambaa vya mama, nilikuwa naingia mle ndani. Kulikuwa na mama mmoja mjane, mikono mikubwa, anamenya njegere bila haraka. Mimi naanza sentensi. Njegere moja inadondoka kwenye bakuli, halafu nyingine. Sentensi inapotea, inarudi, inakaa. Jua la huko, kijitabu kilisema, kiangazi halizami mpaka saa tatu usiku, kwa hiyo hata lenyewe halikuwa na haraka na mimi. Sikuota kwamba nimepona. Niliota mtu asiyejua ninachotaka kusema, ambaye hana budi kusubiri. Ukiwa mgeni wa lugha, nilijiambia, kila mtu anajua utakwama, na hakuna anayeshangaa. Huko wageni wote wana kigugumizi.

Fomu niliijaza yote kwenye kompyuta nikaacha mstari mmoja, ule wa programu. Nilitaka kuujaza Ijumaa, siku ya mwisho, nimekaa karibu na mama. Ijumaa hiyo nikarudi kutoka maktaba na kuwakuta Shangazi na Redio mbele ya kompyuta, wametabasamu hadi magego.

"Tumekumalizia," alisema Shangazi.

"Pwani, wewe na mimi," Redio akadakia. "Nimeshaituma. Ukikwama nipo, usiwe na wasiwasi."

Nilitaka kusema mlimani. "M... m... m..."

"Mmefanya vizuri," Shangazi akanimalizia. "Usijisumbue, mwanangu, tumeshajua."

Nikapiga meza kwa kiganja, kopo la vifungo likaruka, vifungo vikatawanyika chini. "Hapana," nikasema. Neno hilo halikukwama hata kidogo. Nikakichomoa kijitabu changu mkobani, nikakiweka mbele yao na kuonyesha mlango wa buluu kwa kidole. Nilikuwa nalia kwa hasira, na wao walikuwa wakinitazama kama waliomgonga mtu wa kwao kwa gari.

Redio si mtu mbaya. Alipiga simu ofisini papo hapo, akaomba msamaha mara nne kabla hawajamuuliza shida yake. Akashusha simu polepole. Walikuwa wamemwambia mwombaji mwenyewe apige, kwa sauti yake, kabla ya saa kumi. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi.

Simu ndiyo adui yangu mkubwa. Nikikwama, wa upande wa pili hudhani mtandao umekatika, akakata. Nilikaa nimeishika mkononi, na nikaiona nyumba ile ikifunga mlango wake wa buluu.

Mama, aliyetoka jikoni kusikia kishindo cha meza, akatusogelea. Alichukua kikopo chake cha pini, akamwendea Shangazi.

"Wifi, nishikie hizi."

"Nizishike wapi?"

"Ninapozishikaga mimi."

Shangazi alimtazama, akanitazama, akazibana midomoni. Redio akapewa zake. Mama akamalizia na za kwake, akavuta kiti, akaketi kunikabili.

Nikapiga.

"Ofisi ya wanafunzi, nikusaidie nini?"

Nikaanza, nikakwama.

"Halo? Halo? Sikusikii."

"Nipo," nikasema. "Usi... usikate. Nina ki... kigugumizi. Nisubiri."

Sikuwa nimewahi kumwambia mtu hilo. Siku zote kulikuwa na mtu wa kulisema kwa niaba yangu.

"Nakusubiri," akasema yule wa ofisini.

Nikalikwea lile neno. Machozi yalikuwa yakimtoka Shangazi, na pini zikimtetemeka midomoni, lakini hakuzitema.

"M... m... mlimani," nikasema.

"Mlimani. Peke yako?"

"Peke yangu."

"Haya, nimebadilisha."

Shangazi akazitema kiganjani, akajishika taya. "Wifi, unawezaje hizi siku nzima?" Redio akazitoa zake, akajipangusa midomo. Wakainama wote wawili kuokota vifungo.

Mama alikuwa bado na pini zake. Ndipo nikaitazama meza yake. Mkasi ulikuwa umefungwa, futi imeviringishwa, cherehani imefunikwa. Hapakuwa na kitambaa.

"Mama," nikasema, "zile siku ni... nikirudi shule. Ulikuwa una... unashona nini?"

Alinisubiri hadi mwisho. Halafu akazitoa pini moja moja, akazirudisha kikoponi.

"Kazi nilikuwa naimaliza kabla hujarudi," akasema.