Moshi Juu ya Kilima cha Ngome

Lacey Ostrander alizaliwa na kifua kibovu, na baba yake, Dale, hakupenda kusikia jambo hilo likitajwa. Kabla hajawa fundi wa malori huko Pennsylvania, Dale alikuwa sajini jeshini, na miaka yote hiyo aliwapigia saluti vijana waliotoka chuo cha maofisa hata ndevu hazijawaota. "Mwanangu," alikuwa akimwambia, "nimewasalimu watoto wa watu mpaka bega limechoka. Wewe ndiye utakayesalimiwa."

Basi Lacey alipochaguliwa kwenda kukaa wiki moja ya kiangazi katika chuo hicho, pamoja na wanafunzi wengine wa sekondari waliotamani kujiunga, Dale alimwita gereji.

"Daktari wao akikuuliza habari ya pumu, unasema huna. Umenisikia?"

"Na nikibanwa je?"

"Hubanwi. Tangu mwaka jana umebanwa lini?"

Hayo ndiyo aliyoyasema. Lakini ni yeye huyohuyo aliyemnunulia kipulizio kipya cha dawa, kidogo cha kufichika ndani ya soksi. Daktari alipouliza, Lacey akajibu hapana, bila kupepesa macho.

Chuo kilikuwa cha mawe meusi, juu ya mto mpana. Kiongozi wao alikuwa Hollis, kadeti wa mwaka wa tatu, msichana mrefu mwenye sauti ya kupasua bati. Alfajiri aligonga milango kwa ngumi. "Amkeni, kuruta! Mama zenu hawapo hapa kuwapikia chapati za maji!" Mezani walikula mayai na nyama wameketi wima kama vigingi, bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. Lacey aliyapenda yote, hata makelele. Alijiona amefika kwao.

Chumba alikaa na Beatriz Quintanilla wa Texas, binti mcheshi aliyeficha pipi kwenye mto. Usiku wa kwanza alimuuliza, "Shosti, wewe umeletwa na nani? Mimi nimejileta. Kwetu wananiona kichaa."

"Mimi nimejileta pia," Lacey akasema. Huo ukawa uongo wa pili.

Katikati ya wiki moshi ukaingia. Misitu ilikuwa ikiungua kaskazini, Kanada, na upepo ukauleta moshi mpaka bondeni kwao. Jua likawa jekundu kama kaa la moto, na ng'ambo ya mto haikuonekana. Wakubwa wakafuta mchakamchaka, ila matembezi ya kupanda Kilima cha Ngome, mabegi mgongoni, wakayaacha. Kutembea tu, walisema, hakumdhuru mtu.

Lacey alipanda akipumua kwa pua, taratibu, kama alivyofundishwa tangu utotoni. Beatriz alikuwa nyuma yake. Mwanzoni alitania, kisha akanyamaza.

"Quintanilla!" Hollis akamkemea. "Mlima umekukosea nini, mbona unaununia?"

Lacey akasikia mluzi mwembamba ukitoka kifuani mwa mwenzake. Sauti ile aliijua kama anavyolijua jina lake. Alipogeuka, Beatriz alikuwa amepiga magoti njiani, mikono shingoni.

"Ana pumu huyu?" Hollis aliuliza, redio tayari mkononi.

"Sina," Beatriz akasema kwa shida. "Sijawahi."

Hollis akaita wauguzi. Redio ikajibu kwamba wanakuja kwa miguu, gari haliwezi kupita njia ile. Wengine wakasimama wakitazama. Lacey naye akasimama. Kipulizio kilikuwa kikimkwaruza kifundo cha mguu. Akamwona baba yake gereji, akauona mto na mawe meusi, akajiambia: wauguzi wanakuja. Akaendelea kusimama. Midomo ya Beatriz ikageuka rangi, ikawa kama zambarau.

Hapo akainama, akaitoa dawa soksini.

"Vuta. Shikilia. Tena, shosti, vuta tena."

Wauguzi walipofika Beatriz alikuwa amekaa, analia, anapumua. Hollis alikitazama kile kipulizio.

"Cha nani hicho?"

"Changu, afande."

Jioni meja mmoja akamwita ofisini. Hakufoka, afadhali angefoka. "Ugonjwa tungeweza kukuombea ruhusa maalumu," alisema. "Lakini uliulizwa, ukadanganya. Hapa hilo ndilo zito, na nafasi umeipoteza. Kuna aliyekushauri?"

"Hapana, afande."

Asubuhi Hollis alimbebea begi mpaka getini. Walipoliona gari la Dale akasimama. "Ningekuwa mimi," akasema kwa sauti ndogo ambayo Lacey hakujua kama anayo, "sijui ningefanya nini." Akageuka, akaondoka.

Dale aliendesha gari maili nyingi. Moshi ulikuwa bado umelala mashambani.

"Walikuwa wameshaita wauguzi?" aliuliza hatimaye.

"Ndiyo."

"Walikuwa njiani?"

"Midomo ilikuwa imebadilika rangi, Baba."

"Nimekuuliza, walikuwa njiani au hawakuwa njiani?"

"Walikuwa njiani."

Dale akatikisa kichwa, polepole, kama mtu anayesikiliza injini iliyokufa. Lacey alimtazama shavuni, akangoja aseme neno lingine, lolote lile. Kwa mara ya kwanza maishani alimwogopa, na haikuwa kwa sababu ya hasira yake.

Majira ya baridi ujumbe ukaingia kwenye simu ya Lacey wakati wanakula. Ulitoka kwa Beatriz. Madaktari walimpima, wakasema kifua chake ni kizima, ulikuwa moshi tu. Chuo kimempokea. *Nimekaa na habari hii siku nyingi nikishindwa kukuandikia. Nisamehe.*

"Nani huyo?" Dale akauliza.

"Yule msichana wa Texas. Amepata nafasi."

Dale aliweka uma chini. Akatazama dirishani, theluji ilikuwa ikianguka juu ya malori.

"Ndiyo hivyo," alisema.

Lacey akaandika *hongera*, akatuma, akaigeuza simu kifudifudi. Baba yake akamsogezea viazi. Akajipakulia, wakaendelea kula.