Kamba kwenye Mguu wa Sumeya

Muna alipofika Gitothua kumchukua mtoto wake, mwalimu wa nasari alimtazama kwa mshangao.

"Sumeya si alichukuliwa na shosho yake, mama mkwe wako? Saa nne hivi. Alisema mnampeleka hospitali."

Miadi ya hospitali ilikuwa ya kesho, tena Thika. Muna alijua papo hapo mtoto amepelekwa wapi.

Mambo yalianza mwezi uliopita, siku Amida, mama mkwe wake, alipomwona mjukuu akitoka kuoga. Alama za miguu yake kwenye saruji zilikuwa pana, zimejaa, bila pengo katikati. Sumeya alikuwa na miaka minne, anakimbia kutwa na halalamikii chochote, lakini tangu hapo Amida hakutulia. Kila akija alimshika mtoto nyayo na kuzibonyeza. Kisha akasikia habari za mzee wa Murera anayefunga miguu ya watoto kwenye mbao kwa siku arobaini ili ipate uvungu chini ya wayo. Muna alikataa. Salehe, mumewe, alisema wamsubiri daktari. Amida akaitikia "sawa" haraka mno.

Sasa simu ya Amida ilikuwa imezimwa. Muna alipanda bodaboda mpaka kwa yule mzee wa Murera, na kilio cha Sumeya kilimfikia kabla hata pikipiki haijasimama.

Mtoto alikuwa amelazwa kwenye benchi, nyanya yake amemkandamiza mabega. Mguu wa kushoto ulikuwa umeshafungwa kwenye ubao wenye nundu iliyochongwa kusukuma wayo kutoka chini, kamba ya manila imezungushwa hadi juu ya kifundo. Vidole vilikuwa vimeanza kubadilika rangi. Mzee alikuwa anapima kamba ya mguu wa pili.

"Fungua," Muna alisema.

"Wewe ni nani?"

"Mamake. Nimesema fungua!"

"Ukifungua kabla ya siku zake, mfupa utaharibika kabisa. Usije ukanilaumu."

Muna alisita. Na kama ni kweli? Kisha akaviona tena vile vidole. Alipiga magoti, kucha zikashindwa na fundo, akaliuma kwa meno. Amida akamvuta bega.

"Unataka atembee kama mimi?" Akavua kiatu chake cha kulia. Wayo wote ulikuwa umelala chini, kifundo kimeinamia ndani na kuvimba. "Miaka mitatu, Muna! Sifiki msikitini bila kupumzika mara nne. Nikiamka ni kama nakanyaga misumari. Unadhani nampenda mtoto kidogo kuliko wewe?"

Muna alizidi kulivuta fundo kwa meno. Fundo likalegea, ubao ukaanguka. Damu iliporudi, Sumeya alilia zaidi kuliko mwanzo. Muna akambeba mgongoni akatoka. Mlangoni akageuka, akamwona mama mkwe anahangaika kuvaa kiatu, ameegemea ukuta. Alitamani kumwacha hapo hapo.

"Kesho asubuhi tunaenda Thika," akasema. "Na wewe unakuja."

Asubuhi wakafika hospitali ya Thika. Mbithe, mtaalamu wa viungo, alizitazama zile alama za kamba, akauliza zimetoka wapi. Muna alimtazama mama mkwe.

"Ni mimi," Amida akasema.

Mbithe alikandakanda mguu, akajaribu kidole kimoja kimoja, kisha akainua juu kidude cha kuchezea cha mpira. "Sumeya, hebu kifikie."

Mtoto akasimama kwa vidole.

"Sasa angalieni chini ya mguu."

Wanawake wote wawili wakainama. Pale palipokuwa bapa, uvungu ulikuwa umejitokeza, mdogo lakini dhahiri. Sumeya akashuka, ukapotea. Akajinyoosha tena, ukarudi.

"Watoto wengi wa umri huu wako hivi," Mbithe alisema. "Viungo bado ni laini. Haumwi, kwa hiyo hahitaji dawa wala ubao. Mwacheni acheze peku. Akianza kulalamika maumivu, au mguu ukakakamaa, mrudisheni. Lakini ile kamba ingeweza kumpotezea vidole." Akamgeukia Amida. "Sasa wewe, mama. Simama kwa vidole vya mguu huo unaouma."

Amida alishika meza. Kisigino hakikuinuka. Akajaribu tena mpaka jasho likamtoka.

"Ulizaliwa hivi?"

"Hapana. Mguu wangu ulikuwa mzuri."

"Kano inayoshikilia uvungu ndiyo imechoka, ndiyo maana umevimba hapa ndani. Tutakupa soli ya kuinua wayo, kifaa cha kushika kifundo, na mazoezi. Na upunguze kusimama. Ikishindikana, utaonana na daktari wa upasuaji. Ungekuja mapema, mama."

"Kwa hiyo si mimi niliyemwambukiza mtoto?"

"Si wewe."

Amida aliketi, akajiziba mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika. Muna hakumkumbatia. Hasira ilikuwa bado haijamtoka.

Walipotoka getini Muna alimhamishia Sumeya mkono wa pili, akapunguza mwendo.

"Usimchukue tena bila kuniambia, mama."

"Sitamchukua."

"Haya. Nishike hapa, tuvuke barabara."