Kifua cha Mtwanga Sombe

Shemasi Henri ana mdomo, nami Florentine nina hasira za karibu. Kwa hiyo ujirani wetu hapa Baraka haukosi kelele.

Nilipoanguka na pikipiki njia ya Nundu nikavunjika mkono, nilidhani biashara yangu imekwisha. Nauza ugali na sombe karibu na soko, na sombe isiyotwangwa ni majani ya muhogo tu. Binti sina. Nina Eloge, mtoto wa marehemu dada yangu, kijana wa miaka kumi na minne ambaye ameshanipita kimo. Akashika mchi bila kuombwa. Akatwanga vizuri hadi wateja wakaniuliza nimemwajiri mama gani.

Shemasi akachungulia juu ya ua.

"We kijana! Kinu ni ya bamama. Mwanaume akitwangaka sombe, maziwa inamuota mu kifua!"

"Na kuikula je?" nikamjibu. "Mbona kila siku uko nakula ya kwangu?"

Eloge alicheka, akaendelea kutwanga. Lakini mwezi haukuisha akaanza kuvaa jaketi. Jaketi, na joto hili la Baraka, saa saba mchana! Akaacha kuoga ziwani na wenzake. Tena ubatizo ulikuwa umekaribia. Kanisa letu linabatiza ziwani, mtu anazamishwa mzima mzima, na Eloge alikuwa ameingoja siku hiyo tangu mwaka jana. Alhamisi akaniambia, "Mama mudogo, mi sitaingia mu maji."

Nilidhani amempa mtu mimba. Nikamgombeza mpaka akalia, ndipo akafungua jaketi. Chini ya kila chuchu palikuwa na uvimbe mgumu kama punje ya haragwe. Nilipougusa akaruka kwa maumivu.

"Shati ikilowana bantu bote bataona," alisema. "Niko nageuka mwanamuke, mama mudogo. Ni ile sombe."

Niseme ukweli, niliogopa. Mimi niliyemcheka Henri nikauficha mchi nyuma ya nyumba. Kisha hasira ikanirudia, nikamkokota kijana hadi kwa Mama Claudette, muuguzi wetu.

Claudette alimpima, akatabasamu. "Batoto banaume bengi banapataka hii wakati banakomaa. Mwili ya mwanaume iko na homoni ya kiume mingi na ya kike kidogo. Ya mwanamuke vile vile, iko na ya kiume kidogo. Mu miaka yako inavurugana kwanza, kiisha inapangana. Itaisha yenyewe."

"Basi kinu hakina neno?" niliuliza.

Akanitazama kidevuni. "Na wewe Mama Florentine, hizi ndevu zako ulizipata kwa kuvua ndagala na banaume?"

Nilijifunika kidevu na kitenge. Eloge alicheka kidogo, mara ya kwanza wiki ile, lakini njiani akafunga tena jaketi.

"Mama Claudette ni mwanamuke," alisema. "Mwanaume ata mumoja hajaniambia kama ilimupata."

Baba angeweza kumwambia, na baba hana.

Jumapili nilimburuta hadi ufukweni. Wenzake walipanga mstari wakiwa na mashati meupe. Yeye alisimama nyuma yangu, jaketi limefungwa hadi shingoni. Mchungaji Albert aliingia majini pamoja na shemasi Henri, ambaye kazi yake ni kuwashika watu wasiteleze. Msichana wa kwanza akateleza hata hivyo, akamvuta shemasi, wote wawili wakazama.

Henri aliinuka huku maji yakimchuruzika. Shati limemganda mwilini. Na hapo, mbele ya kanisa zima, yakaonekana maziwa mawili ya shemasi, yamelala juu ya tumbo, makubwa kuliko yangu.

Kwaya ilikata wimbo. Maneno yakanitoka.

"Shemasi! Ulitwangaka sombe wapi?"

Watu walicheka hadi wakashikana. Henri alijifunika kwa mikono. Kisha macho yake yakamwona Eloge na lile jaketi, na nikaona uso wake unabadilika. Ameelewa. Akashusha mikono polepole, akaacha kifua wazi kila mtu akione.

"Eloge, kuya hapa," alisema. "Mi sijashikaka mutwangio tangu nizaliwe. Hii ni ya uzee. Lakini wakati nilikuwa kama wewe iliniota, ikaniuma sana. Nilisemaka mu roho ni juu ya vile nilipulizaka moto ya mama. Nikakimbia jiko mupaka leo."

Mchungaji akakohoa. "Mi nilisemaka ni juu nilibebaka dada yangu ku mugongo."

"Mi nilisemaka ni juu nilichotaka maji ku kisima na babinti!" alipaza sauti Willy, mpiga ngoma wa kwaya.

Kumbe kila mmoja wao alikuwa na mchi wake, na kila mmoja alikuwa ameuficha. Wanaume walianza kutazamana vifua na kusukumana kama watoto. Nilitaka kuwacheka, nikajikuta nafuta machozi.

Eloge alifungua jaketi, akaniwekea mkononi, akaingia ziwani. Alipotoka, shati lilikuwa limemganda na vichuchu vyake vimesimama wazi kabisa. Alipita katikati ya wenzake wote akienda kuchukua kitambaa chake, na hakukimbia.

Jumatatu asubuhi shemasi Henri hakuchungulia juu ya ua. Alipita mlangoni, akakunja mikono ya shati.

"Miaka yote hii nimekimbia jiko, na maziwa iliota tu," alisema. "Leta ule mutwangio."

Nikautoa nyuma ya nyumba. Alitwanga kama mtu anayeua nyoka, majani yakarukia kuku. Eloge alimtazama, akashindwa kuvumilia, akamshika mkono.

"Polepole, koko," alimwambia kama mjukuu kwa babu yake. "Utaumia kifua."